Miaka Tuliyokuwa Ghala

Mama yangu aliwahi kusimama mlangoni kwake, mwiko mkononi, harufu ya kitunguu imejaa mpaka barabarani, akamwambia mtu wa serikali kwamba nyumba ile haina mtu. Wala hakupepesa macho. Mimi na mdogo wangu tulikuwa chini ya kitanda, tumelala kifudifudi juu ya viatu, na mdogo wangu akapiga chafya. Mama akasema ni paka. Yule bwana akautazama mwiko, akautazama moshi, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake. Uongo ule tuliulipia miaka mitatu.

Mcheke ukitaka, mimi mwenyewe namcheka mpaka leo. Lakini ngoja kwanza nikueleze.

Sisi ni Wanubi wa Mbale. Babu wa babu yangu aliletwa na Waingereza kutoka Sudani aje abebe bunduki. Akabeba, akachoka, akaoa, akazaa, na tangu hapo kila serikali ikitaka askari inabisha hodi kwetu, na ikianguka wanakuja wengine, tena hao hawabishi. Baba yangu alikuwa askari kwa maana ya kwamba alivaa sare na alipewa lori. Lori lenyewe lilibeba maharage. Miaka yote ya utumishi wake alipeleka maharage ya jeshi kutoka Mbale mpaka Jinja na kurudi, na bunduki aliitumia mara moja tu, kumpiga nyoka, akamkosa. Serikali ilipopinduliwa kwa vita, nani alikuwa na nafasi ya kuuliza nani alibeba nini? Alipanda lori lake na wenzake kuelekea kaskazini, akamwambia mama atarudi mambo yakitulia. Mambo yalitulia, yakachafuka, yakatulia, yakachafuka tena. Yeye kimya. Mtu mmoja alisema alimwona Yei, kule Sudani, anauza chai. Mwingine akasema si Yei, ni Juba, na si chai, ni mafuta ya taa. Habari zenyewe zilikuwa za namna hiyo.

Sisi watatu tulikimbilia Busiu, kwa mkulima mmoja rafiki ya babu, akatuficha msimu mzima kwenye banda lake la mahindi na hakutuuliza hata siku moja tutaondoka lini. Mungu amlipe. Tuliporudi mjini tulikuta mlango umeng'olewa, vitanda vimekwenda, hata kifuniko cha choo kuna mtu alikiona kina thamani. Zilibaki kuta, bati, na mita ya umeme ukutani nyuma ya nyumba, inazunguka. Ndani hakuna balbu hata moja, lakini mita inazunguka! Mama aliufuata ule waya kwa macho, ukampeleka juu ya ukuta mpaka kwa jirani yetu, bwana mmoja muuza sabuni, ambaye aliona si vibaya kutumia umeme wa watu waliokimbia. Mama alimsalimia vizuri, akaukata waya kwa panga, akamshukuru kwa kututunzia mita.

Sasa kuhusu kaki. Miaka ile mtu akivaa kaki, sare ya askari, alikuwa na maswali matatu: nani anakaa hapa, mwanamume yuko wapi, ndani mna nini. Jibu sahihi kwa yote matatu lilikuwa moja, hakuna. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa mabingwa wa jibu hilo. Na ulilijibu kwa Kiswahili, kwa sababu kaki na Kiswahili vilikuja pamoja. Sokoni mama alisema Kimasaba na Kiganda, na sisi watoto alitukataza kabisa kufungua mdomo kwa Kiswahili mbele za watu, maana kuna waliopigwa ngumi kwa sababu ya kuuliza bei ya nyanya kwa lugha ya jeshi. Lakini akiona kaki langoni, Kiswahili kilimtoka chenyewe, na "afande" mbele.

Halafu ofisi ya umeme, ilipofufuka baada ya vita, kwa hekima zake, ikawashonea wasoma mita wake sare za kaki. Na kofia juu! Sijui nani aliwashauri, ningependa kukutana naye.

Basi ndiyo yule bwana akaja.

"Nani anakaa hapa?"

"Hakuna mtu, afande."

"Mwenye nyumba iko wapi?"

"Hakuna, afande."

"Ndani iko nini?"

"Hakuna kitu, afande. Hiyo ni paka."

Hakusema yeye ni wa umeme, na mama hakuuliza. Ni alipozunguka nyuma ya nyumba ndipo mama alipochungulia dirishani akaona ameshika penseli, anasoma mita. Tayari maji yameshamwagika. Utamwita vipi mtu wa serikali arudi umwambie samahani, kumbe nipo?

Bili ya kwanza ilipokuja mama alidhani wametuletea ya mtaa mzima. Tulikuwa na balbu nne, redio moja, na pasi ambayo mama aliitumia kunyoosha mashuka yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kudarizi mashuka na foronya za maharusi. Na umeme wenyewe haukuwa wa kila siku. Ulikuja kama shemeji mwenye kiburi, siku anayotaka, na hujakaa naye vizuri ameshaondoka. Mama aliisoma ile karatasi mbele na nyuma, akaiweka chini, akasema lazima wamekosea. Mwezi wa pili wakakosea vilevile. Mwezi wa tatu akaacha kusema wamekosea, akaanza kudarizi mpaka macho yakawa mekundu.

Mimi ndiye nilitumwa kulipa. Dirishani, kwenye karatasi yetu, palikuwa na neno limepigwa muhuri: GHALA. Siku moja karani alinitazama, binti wa miaka kumi na moja na kanzu ya shule, akaniuliza mnaweka nini humo. Nikamwambia, "Mama."

Ilikuwa Idi tulipokwenda Bugembe kwa mama mdogo. Mama mdogo anasema anakaa Jinja. Si kweli, Bugembe ni mji wa barabarani, unapita ukielekea Iganga, lakini mwambie hivyo uone atakavyokutukana. Na kwa kuwa bwawa la umeme liko Jinja, basi yeye hujiona ndiye aliyelichimba. Tulimkuta balbu ya barazani inawaka saa saba mchana, eti kwa ajili ya wageni. Jiko la koili limewaka tangu asubuhi. Alikuwa anachemsha maji ya kuosha miguu, wallahi, mguu mmoja baada ya mwingine, kwa umeme.

Mama alikula mpaka pilau ikaisha. Halafu akasema, "Hebu lete bili yako."

Mama mdogo akaileta kwa madaha. Mama akaisoma. Akaigeuza. Akaisoma tena.

"Hii ni ya mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Kwani kwenu ni ya wiki?"

"Yule wa kaki alipokuja, wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hakuna mtu. Ningemwambia nini?"

"Hata mimi nilimwambia hakuna mtu!"

Wakatazamana. Mama mdogo akaanza kucheka kidogokidogo, halafu akashindwa kujizuia, akashika fremu ya mlango, machozi yanamtoka. Mama hakucheka. Alikuwa ameishika ile bili kwa vidole viwili tu.

Mama mdogo alikuwa na mtu wake ofisini Jinja, na kabla ya jioni alishatuletea maelezo yote. Kumbe ni hivi. Huko Jinja, nyumba isiyo na mtu ni nyumba isiyo na mtu, wanaitoza ada ndogo ya nyaya na basi. Lakini Mbale iko karibu na mpaka, na miaka ile ya magendo kahawa ilipanda mlima kwenda Kenya, na sukari, chumvi na sabuni zikashuka mlima kuja kwetu. Mkubwa mmoja wa ofisi akakaa kitini, akafikiri, akaamua kwamba Mbale hakuna nyumba tupu. Nyumba yenye mita inayozunguka na isiyo na mtu ni ghala la walanguzi, na ghala la walanguzi litozwe bei ya biashara. Hakumwuliza mtu, hakutangaza, hakuja kutazama. Mto ni uleule, nyaya ni zilezile, uongo ni uleule neno kwa neno, lakini Bugembe uongo ni rahisi na Mbale ni ghali.

"Kwa hiyo mimi ni mlanguzi," mama akasema.

"Si wewe, dada. Nyumba."

"Na nyumba ina nini ndani? Ina mimi na hawa mabinti wawili!"

"Sasa nenda ukawaambie hivyo."

Kuwaambia maana yake ni kusema nilidanganya, nipo, na mimi ni mke wa fulani. Na huyo fulani alikuwa nani, na yuko wapi? Jina la baba yangu lilikuwa limo katika hati za nyumba, na mama hakulitamka nje ya mlango tangu vita. Akakunja bili ya mdogo wake, akamrudishia, tukarudi nyumbani kuendelea kuwa ghala.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili lilimhusu sheikh wetu. Miaka minne ilipopita bila habari ya baba alikuja kumweleza mama, kwa adabu sana, kwamba sheria inamruhusu. Mume aliyepotea hivyo, kadhi anaweza kuhukumu kwamba amekufa. Mke anakaa eda, miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, havai dhahabu, hapaki hina, akimaliza yuko huru, hata akitaka kuolewa ataolewa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Sheikh, kunywa chai." Jibu lake lilikuwa hilo tu. Sheikh akanywa chai. Mwaka uliofuata akaja tena, akaeleza tena, akanywa tena. Naamini ile chai yetu ya maziwa ilimwongezea kilo kadhaa. Akishaondoka mama alitwambia sisi, kwa hasira kama vile sisi ndio tuliokuja kuposa, kwamba baba yetu yuko hai, na kwamba mtu atakayesema vinginevyo humo ndani atalala nje. Mimi nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Yei kulikuwa na mtu anauza chai.

Halafu ikaja serikali mpya, na kila mtaa ukaambiwa uchague baraza lake. Watu wakachagua, wakaanza mikutano, na kwenye mikutano mtu wa kawaida aliruhusiwa kusimama akamwuliza mkubwa swali. Wewe unaona ni jambo dogo. Kwetu, aliyeuliza swali miaka ya nyuma aliishia kwenye buti la gari. Watu waliuliza mpaka wakapitiliza. Kuna mzee mmoja aliuliza swali kila mkutano, na hakusubiri jibu hata siku moja, alikaa chini ametosheka.

Siku moja mwenyekiti wa baraza, mwalimu mstaafu aliyekuja na kengele yake ya shule, akabandika tangazo. Nyumba zisizo na wenyewe zitagawiwa kwa wanaohitaji, na orodha yake itatoka kwenye daftari la umeme. Kwa nini daftari la umeme? Kwa sababu faili za ardhi zilishachomwa, na ambazo hazikuchomwa zilishafungiwa karanga sokoni. Kitabu pekee katika mji mzima kilichojua nani anakaa wapi ni kile cha wasoma mita. Na kwenye kitabu hicho, sisi hatukuwepo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta jirani yetu wa sabuni anatembea mbele ya nyumba yetu kwa hatua ndefu, anahesabu.

"Unapima nini, mzee?" nikamwuliza.

"Aa, mwanangu, napunga upepo tu."

Nilimweleza mama. Alikaa chini na shuka la bibi harusi mapajani, na sindano ikasimama. Hakulia. Alisema, "Sasa wanachukua nyumba," akarudia, "sasa wanachukua nyumba," na mdogo wangu akaanza kulia kwa niaba yetu sote.

Mama mdogo alikuja kutoka Bugembe siku ileile aliyopata habari, na begi kubwa kama anakuja harusini. Walibishana siku mbili. Mama mdogo alisema simama useme ukweli, mama akasema ukweli upi, kuna ukweli mwingi. Mama mdogo akasema, "Ule wa kwamba wewe ni mtu na unakaa kwako." Mama akamwambia ni rahisi kusema hivyo ukiwa na maji ya moto ya miguu. Mwishowe akavaa gurubaba yake ya mistari, ile nguo yetu ya kujifunga ya siku kubwa, akasema twendeni, lakini mimi nitauliza habari ya bei tu, mengine siyasemi.

Mkutano ulikuwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Watu wazima wamekaa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamefika masikioni. Mbele alikaa mwenyekiti na kengele yake, na pembeni yake mkubwa wa ofisi ya umeme, si katika kaki, katika koti la suti, na lile daftari amelifunga kwenye nailoni. Sheikh alikuwepo, jirani yetu wa sabuni alikuwepo, mstari wa mbele.

Mama aliinua mkono.

"Nauliza. Dada yangu yuko Bugembe. Mita yake ni kama yangu, maji yanayozungusha mashine ni ya mto mmoja. Kwa nini yeye analipa kidogo na mimi nalipa mara tatu yake?"

Watu wakapiga meza. Mkubwa akakohoa, akasema kwa adabu ya Kiganda, "Nyabo, Jinja iko karibu na bwawa."

"Aa! Kumbe," mama akasema. "Mimi nilidhani umeme unakimbia. Kumbe unapanda basi, na nauli nalipa mimi!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Mama mdogo alipiga kigelegele, mwenyekiti akapiga kengele. Nilimtazama mama yangu na nilimwona mpya kabisa. Nilijivuna mpaka shingo ikaniuma. Lakini mkubwa hakucheka. Mkubwa aliyechekwa mbele za watu ni hatari, hata awe wa umeme. Akafungua nailoni polepole, akalamba kidole, akauliza kiwanja namba ngapi.

Mama akamwambia.

Akasoma kwa sauti: "Hakuna mtu. Hakuna mwenye nyumba. Ghala. Habari hizi zilitolewa mlangoni na mwanamke mmoja mwenye mwiko." Akainua macho. "Huyo mwanamke ni nani?"

Jirani yetu wa sabuni akasimama, kwa unyenyekevu mkubwa, mkono kifuani. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni jirani, naumia kusema. Lakini kama kitabu kinasema haina mtu, basi tangazo liko wazi."

Nilitamani kumwuma.

Mama alibaki amesimama. Nilijua alichokuwa anatafuta, alikuwa anatafuta uongo mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuupata.

"Mwanamke ni mimi," akasema. "Nilidanganya. Niliona kaki, nikadhani ni wale. Watoto wangu walikuwa chini ya kitanda. Mimi nipo. Nilikuwepo siku zote, na nilipika siku hiyo, mwulizeni yule msoma mita kama hakusikia harufu. Haya, semeni ninyi mliokaa hapa! Nani kati yenu hajawahi kumwambia kaki kwamba hayupo?"

Bibi mmoja nyuma akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nilimwambia ni mgeni, nimekuja msibani."

"Mimi nilisema nyumba ni ya msikiti," akasema mwingine.

"Mimi nilijifanya bubu."

Mwenyekiti akamwomba mkubwa asome mtaa wetu wote, nyumba kwa nyumba. Banange, jamani! Hakuna mtu, ghala. Hakuna mtu, ghala. Bubu, ghala. Mtaa mzima uliojaa watoto, mbuzi na magomvi, kwa mujibu wa daftari la serikali ulikuwa na mkaaji mmoja tu aliyejiandikisha kama mtu mwenye familia na kulipa bei ya nyumbani. Alikuwa jirani yetu wa sabuni, ambaye sabuni zake zilishuka mlima bila karatasi na zilipangwa mpaka darini, yeye mwenyewe akilala juu ya katoni.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Bwana wa sabuni alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani. Watu wakamgeukia mkubwa: bei hii ya ghala nani aliipitisha? Amri ya ofisi. Ofisi ni nani? Ofisi ni ofisi. Ana jina? Iliandikwa wapi? Nani alikuja kutazama? Mkubwa alikuwa anajifuta jasho kwa ile nailoni. Mwenyekiti, mwalimu ni mwalimu, akamwambia hatoki humo ndani mpaka ameandika upya kila mtu aliyepo, pale pale, mbele ya macho yetu, na swali la nani alipanga bei atalijibu kwa maandishi. Jibu hilo halijafika mpaka leo. Lakini kuandika aliandika.

Mama alikuwa wa kwanza. Watu walimpisha njia, wengine wanampigapiga mgongoni, mama mdogo anacheza nyuma yake. Tulikuwa tumeshinda. Mimi nilijua tumeshinda.

"Mwenye nyumba?" mkubwa akauliza.

Mama akalitaja jina la baba. Sikuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti mbele ya watu, na lilinishtua.

"Yuko wapi?"

"Safari."

"Tangu lini?"

"Tangu vita."

Mkubwa akaiweka kalamu chini. Sasa hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama, nisikilize. Nyumba za waliokimbia na serikali ile ndizo hasa zinazogawiwa. Aliye safarini siwezi kumwandika, na mke hawezi kumwandikia saini mtu aliye hai. Mjane anaweza. Mjane ni mwenye nyumba, hakuna wa kumgusa." Akamwonyesha ile karatasi kwa kidole. "Hapa kuna maneno mawili. Hai au marehemu. Nikate lipi?"

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea nyuma, kikaanza kufa mstari kwa mstari kadiri watu walivyoelewa. Mama aliitazama ile karatasi. Alimtazama mwenyekiti, kama vile mwalimu angeweza kumpa neno la tatu. Mwenyekiti aliangalia kengele yake. Mama mdogo akasema, "Dada."

"Kata hai," mama akasema. "Andika marehemu."

Sheikh alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akasimama, nadhani hata hakukusudia, ni mazoea ya kusikia habari ya kifo. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Na Waislamu wote mle ukumbini, kwenye madawati yale ya watoto, wakaitikia baada yake kwa sauti za chini. Wakristo wakavua kofia. Mkubwa wa umeme naye alisimama, kalamu mkononi.

Tulirudi nyumbani na msiba. Wanawake wa mtaa walitufuata, wakaleta mikeka, sukari na unga, wakakaa chini, wakalia kwa haki yake, kwa sababu wengi wao nao walikuwa na mtu Yei. Sheikh alisema kutoka barazani kwamba atamwona kadhi kesho, na kwamba eda ihesabiwe tangu saa ile. Mama mdogo alipiga magoti akamvua mama bangili zake moja moja, akazifunga kwenye kitambaa.

Mama alikuwa amekaa katikati ya chumba, miguu ameinyoosha. Aliponiona mlangoni alinishika mkono, akanivuta mpaka uso wangu ukakaribia wake.

"Niambie wewe," akaninong'oneza. "Nimemuua baba yako kwa sababu ya karatasi ya umeme?"

Nikamwambia hapana, mama, hujamuua. Nikaenda jikoni nikamwaga machozi yote niliyokuwa nayo, kwa sababu asubuhi ile nilipoamka nilikuwa na baba.